Kuomba Nafasi si Kuombaomba

Kitenzi "omba" kimebebeshwa mzigo mzito katika lugha yetu. Muumini humwomba Mola wake, fukara huomba sadaka penye mlango wa msikiti, mdeni huomba muda wa kulipa, na mhitimu wa chuo kikuu huomba kazi. Neno ni lile lile, lakini matendo ni manne yasiyolingana. Anayeomba sadaka hana dai lolote juu ya anayemnyoshea mkono. Akipewa hushukuru, akinyimwa huenda zake. Anayeomba kazi amekuja na kitu. Ana elimu na ana uwezo, na huyo anayemwendea anavihitaji vyote viwili. Huyu, kwa hakika, anajieleza ili apimwe. Tofauti hii vijana wetu wengi, pamoja na baadhi ya walimu wao, hawajaipambanua barabara. Hasara yake huonekana pale kijana anapowekewa mbele fomu ndefu yenye swali fupi: "Tueleze vikwazo ulivyokumbana navyo na jinsi ulivyovishinda."

Swali la namna hiyo ndilo kiini cha mipango ambayo kampuni kubwa za mawakili, hasa za jijini London, zimeianzisha ili kuwapa nafasi vijana wa jamii ambazo tangu jadi hazikuwa na watu wao katika taaluma ya sheria. Katika makala haya nitaiita mipango ya kupanua nafasi. Inafaa tuitazame kwa makini. Si kila msomaji atakayekwenda London, lakini mipango hiyo inafichua jambo ambalo sisi walimu wa lugha tumelipuuza kwa muda mrefu: kwamba uwezo wa mtu kujieleza kwa maandishi ni sehemu ya haki yake, na asiyefundishwa kujieleza hunyimwa haki hiyo hata mlango ukiwa wazi.

Tuanze na chanzo cha mambo. Nchini Uingereza, watoto wanaosoma katika shule za kibinafsi za kulipia ni kama asilimia 7 tu ya watoto wote. Hata hivyo, ripoti iliyotolewa mwaka wa 2009 na jopo lililoongozwa na Alan Milburn, aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya Tony Blair, ilionyesha kuwa asilimia 75 ya majaji walikuwa wamepitia shule hizo. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2019, uchunguzi uliochapishwa na shirika la Sutton Trust ulionyesha kuwa miongoni mwa majaji wa ngazi za juu kiwango hicho kilikuwa asilimia 65. Je, tuamini kuwa Mwenyezi Mungu aliwagawia watoto wa matajiri pekee akili ya kuifahamu sheria? La hasha! Palikuwa na mlango wa nyuma, na waliokuwa na ufunguo wake waliujua tangu utotoni.

Mlango huo ulifanya kazi kwa utaratibu rahisi. Mzazi humjua wakili mwenye kampuni, humpigia simu, na kijana wake hupokewa afisini kwa wiki mbili wakati wa likizo. Huko huona jinsi mikataba inavyoandikwa, husikia jinsi mawakili wanavyozungumza na wateja, na hujifunza hata namna ya kukaa mkutanoni. Kisha wiki hizo mbili huandikwa katika wasifukazi wake. Kampuni nyingine inapotafuta wanagenzi, humwona kuwa ana tajiriba, na kumbe tajiriba yenyewe ni matunda ya simu ile moja. Mwenye mjomba afisini hahitaji fomu. Mtoto wa dereva wa basi, hata akiwa na akili kama wembe, hana wa kumpigia simu.

Ni katika kulikabili jambo hilo ndipo mipango ya kupanua nafasi ilipozuka. Mwaka wa 2004 Chama cha Mawakili cha Uingereza na Wales kilianzisha mpango wa kuwalipia karo ya masomo ya kufuzu vijana wenye uwezo waliokumbana na vikwazo visivyo vya kawaida, pamoja na kuwapa mlezi wa kitaaluma na nafasi ya kujifunza kazi. Mwaka wa 2006 ukaja mpango uitwao Pathways to Law, wa kuwaandaa wanafunzi wa shule za umma wanaotaka kusomea sheria. Mwaka wa 2011 kampuni kadhaa zikaungana katika mpango wa PRIME, zikaahidi kutoa nafasi za kujifunza kazi kwa wanafunzi wasiojiweza. Tangu mwaka wa 2015 kampuni nyingi zimezoea pia kuzisoma alama za mtihani kwa kuzingatia mazingira zilikopatikana. Kwa mujibu wa utaratibu huu, alama ya B iliyopatikana katika shule ambayo wengi hufeli huweza kuwa na uzito kuliko A ya shule ambayo kupata A ni desturi.

Yafaa ieleweke kuwa mipango hii haimpi mtu kazi kwa sababu ya umaskini wake. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka wa 2010 huruhusu hatua za kuwasaidia watu wa makundi yenye uwakilishi mdogo, lakini katika kuajiri haimruhusu mwajiri kumwacha aliye bora na kumchukua aliye hafifu kwa sababu tu ya kundi lake. Isitoshe, sheria hiyo inataja mambo kama rangi, jinsia, dini na ulemavu, wala haitaji tabaka la kijamii. Ndiyo maana fomu nyingi huuliza maswali ya kando: Je, ulipata chakula cha bure shuleni? Je, wazazi wako walisoma chuo kikuu? Je, uliwahi kulelewa na serikali, au kuingia nchini kama mkimbizi? Kwa majibu hayo kampuni hupata picha ya umbali ambao kijana ametembea. Baada ya hapo huja maswali ya insha, aghalabu ya maneno 300 hadi 500, halafu mitihani ya fikra, halafu usaili.

Huenda msomaji akauliza: ya London yanatuhusu nini? Yanatuhusu, tena kwa njia zaidi ya moja. Kabla ya uhuru hapakuwa na chuo cha sheria nchini Kenya, na aliyetaka kuwa wakili alilazimika kuvuka bahari akajiandikishe katika vyama vya mawakili vya London. Serikali ya kikoloni haikupenda Waafrika wasomee sheria, kwani ilifahamu vyema kuwa mtawaliwa anayeijua sheria ni mtawaliwa anayeweza kuuliza maswali. C.M.G. Argwings-Kodhek, aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kabisa kufanya kazi ya uwakili nchini mwetu, alipata sifa hizo Uingereza kabla ya kurejea Nairobi katika miaka ya 1950. Kamati iliyoongozwa na Jaji Denning ilichunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, ikatoa ripoti yake mwaka wa 1961, na mwaka wa 1963 Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya kikaanzishwa. Kwa hiyo suala la nani aingie katika taaluma hii, na aingie kwa mlango gani, si geni kwetu. Wazee wetu walilikuta likiwa limefungwa kwa kufuli.

Zaidi ya historia, kuna watu wenye damu na lugha ya pwani yetu ambao leo hii ndio wanaozijaza fomu hizo. Kaskazini mwa London, kwa mfano, kuna jamii ya Wabarawa waliokimbia vita vilivyozuka Somalia mwaka wa 1991, na ambao miongoni mwao bado hutumia Chimini, lahaja inayohesabiwa na wanaisimu wengi kuwa ya jamii ya Kiswahili. Watoto wao wamesoma katika shule za umma za huko. Kikwazo chao cha mwisho, baada ya kuishinda vita na ugeni, ni karatasi.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma kama mwanaisimu. Mwaka wa 2015 tume iliyoshughulikia masuala ya uhamaji wa kitabaka nchini Uingereza ilichapisha uchunguzi kuhusu kampuni bora za sheria, uhasibu na fedha. Uchunguzi huo ulionyesha kuwa waajiri walipodai kutafuta "kipaji", mara nyingi walichokitambua kuwa kipaji kilikuwa lafudhi ya tabaka la juu, mwenendo wa kujiamini, na hata masimulizi ya safari za ng'ambo. Magazeti ya huko yaliuita utaratibu huo mtihani wa umwinyi. Maana yake ni kwamba mtu alipimwa kwa mambo aliyorithi huku akiambiwa kuwa anapimwa kwa mambo aliyojifunza.

Wanaisimujamii walikwisha kulitaja jambo hili zamani. Basil Bernstein, aliyechunguza usemi wa watoto wa London, alieleza kuwa shule huthamini namna fulani ya kusema, ile inayofafanua kila kitu bila kutegemea kuwa msikilizaji anakijua tayari, na kwamba watoto wa tabaka la kati huja nayo kutoka nyumbani. Baadhi ya waliomsoma walikimbilia kusema kwamba watoto wa wafanyakazi wamepungukiwa na fikra. William Labov akawajibu mwaka wa 1969 kwa ushahidi wa vijana Weusi wa Harlem, akionyesha kuwa kijana anayezungumza kwa lahaja ya mtaani huweza kujenga hoja kwa mantiki kali kuliko msomi anayezungusha maneno. Tukiyaweka mafunzo haya mawili pamoja tunapata kanuni moja: akili haina lafudhi, lakini milango ina sajili yake, na asiyefunzwa sajili hiyo hubaki nje ilhali akili anayo.

Kinaya cha mipango ya kupanua nafasi, basi, ni hiki. Imeanzishwa kwa ajili ya wale ambao sauti zao hazikuwa zikisikika, lakini inawataka waingie kwa kuzungumza kwa sauti ya wale walio ndani tayari. Fomu haimwelezi kijana kuwa "kikwazo" si orodha ya mashaka, wala kwamba "kwa nini umeichagua kampuni yetu" si mwaliko wa kuisifu kampuni. Mtoto wa wakili hayahitaji maelezo hayo. Ameyasikia mezani kwao tangu akiwa mdogo. Mtoto wa dereva huyakisia, na aghalabu hukosea.

Makosa yenyewe ni mawili, nami nimeyaona mara nyingi katika barua za wanafunzi wanaotafuta ufadhili na nafasi za masomo. La kwanza ni kuomba kwa machozi. La pili ni kupamba: kumimina misemo, methali na misamiati mizito hadi mwandishi mwenyewe hapatikani. Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa Kibarawa mkazi wa London anataka kuingia katika mpango wa kampuni moja ya mawakili. Akiandika jinsi wengi wanavyoandika, atasema hivi:

"Mimi natoka katika familia maskini sana. Maisha yetu yamejaa dhiki na huzuni. Pamoja na hayo sijakata tamaa, kwani penye nia pana njia. Nawasihi mnifikirie kwa jicho la huruma, na mkinipa nafasi hii nitafanya bidii ya mchwa na kuwashukuru daima."

Sasa msichana yuyo huyo, akiwa na mwalimu wa kumwongoza, anaweza kuandika hivi:

"Tangu nilipokuwa na umri wa miaka 12 nimekuwa nikimsomea mama barua za mwenye nyumba na za baraza la mtaa, kwa sababu yeye hasomi Kiingereza. Nilipokuwa na miaka 15, barua moja ilitutaka tuhame baada ya wiki mbili. Niliilinganisha na mkataba wetu wa upangaji, nikaona kuwa muda uliotajwa humo ni mrefu zaidi. Tulizipeleka karatasi zote mbili katika kituo cha ushauri wa sheria, na notisi ikaondolewa. Tangu siku hiyo ninasoma kila mkataba hadi mstari wa mwisho, nami nataka kuifanya kazi hiyo kwa ajili ya watu wengine."

Aya ya kwanza ina maneno mazuri yasiyo na habari. Mtu yeyote angeweza kuiandika, na ndiyo sababu haimsaidii mtu yeyote. Aya ya pili haina neno "maskini", lakini hali ya familia inaonekana waziwazi. Muhimu zaidi, inaonyesha msichana anayesoma kwa makini, anayelinganisha nyaraka, anayejua mahali pa kutafuta msaada, na anayefikia matokeo. Hizo ndizo sifa za wakili. Tena tazama jinsi lugha yake ya nyumbani, ambayo wengine wangeiona kuwa mkosi, imegeuka kuwa ushahidi: mtoto anayewafasiria wazazi wake barua za serikali amekuwa akifanya kazi nzito ya lugha kwa miaka mingi, na hakuna aliyempa cheti.

Wapo wanaoipinga mipango hii kwa madai kwamba inashusha viwango. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama viwango vilivyokuwapo vingekuwa vya haki. Mkimbiaji aliyeanzia mita 50 nyuma ya wenzake, akafika pamoja nao, hakupewa chochote tukisema kuwa ana mbio. Tumesema ukweli tu. Kinachoshusha kiwango ni ile simu ya mjomba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami siwezi kulipuuza. Husemwa kuwa fomu hizi huwalazimisha vijana wa kikata kujivua nguo mbele ya wageni, wayauze mateso yao kama bidhaa sokoni, na anayeshinda ni mwenye jeraha kubwa kuliko la mwenzake. Kuna ukweli katika lawama hiyo. Kijana aliyefiwa na wazazi hapaswi kushindana na mwenziwe kwa wingi wa makaburi. Kwa maoni yangu, kampuni zinapaswa kuuliza habari za hali ya maisha kwa maswali mafupi ya ndiyo au la, kisha insha ziachiwe uwezo, fikra na nia. Naye kijana ajue kuwa ana haki ya kunyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na si kila siri hustahili kumwagwa katika fomu. Aseme lile linaloonyesha alichotenda, lililobaki alihifadhi.

Suala hili limepata uzito mpya nchini Marekani. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa vyuo vikuu haviwezi kumpokea au kumkataa mwanafunzi kwa misingi ya rangi yake. Hata hivyo, katika uamuzi huo Jaji Mkuu John Roberts alieleza kuwa vyuo havikuzuiwa kuzingatia maelezo ya mwombaji kuhusu jinsi rangi ilivyoyaathiri maisha yake, mradi maelezo hayo yahusishwe na sifa au uwezo wake yeye binafsi. Miezi miwili baadaye, mwezi wa Agosti, kampuni za mawakili za Perkins Coie na Morrison & Foerster zilishtakiwa kwa sababu ya programu zao za ufadhili kwa wanafunzi wa makundi yenye uwakilishi mdogo. Kampuni hizo zilibadilisha masharti na kuzifungua programu kwa wanafunzi wote, na kesi zikaondolewa. Mwezi wa Machi 2025 tume ya serikali inayoshughulikia usawa kazini iliziandikia kampuni 20 za mawakili ikizitaka zitoe habari kuhusu mipango yao ya aina hiyo.

Mtu anaweza kuufurahia mwelekeo huo au kuulaani. Kwa mwalimu wa lugha, funzo lake ni dhahiri shahiri: pale ambapo kisanduku cha kutia alama kimefutwa, aya ya maelezo imebeba mzigo wote. Zamani mwombaji angeweza kutambuliwa kwa kundi lake hata kama ameandika ovyo. Sasa asiyejua kujieleza hana kimbilio. Mipango huja na kuondoka kwa upepo wa siasa na mahakama, bali ujuzi wa kujieleza hukaa na mwenyewe.

Turejee basi katika madarasa yetu. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili huanza na insha ya lazima, ambayo mara nyingi ni ya kiuamilifu: barua rasmi, ilani, tawasifu, wasifukazi na kadhalika. Kwa nadharia, hakuna maandalizi bora kuliko hayo. Lakini tunaifundishaje tawasifu? Tunamfundisha mwanafunzi kuweka kichwa, kutumia nafsi ya kwanza na kupanga mambo kwa wakati, kisha tunampa mianzo ya kukariri, ya jua lililochomoza na ndege waliokuwa wakiimba. Mwanafunzi hupata alama zake bila kuwahi kujiuliza swali moja la maana: ni nini nilichokitenda ambacho mtu asiyenijua anafaa kukijua, na nitamthibitishiaje? Katika isimujamii tunamfundisha sajili ya mahakamani, ya hospitalini na ya matangazo ya biashara. Sajili ya kujitambulisha mbele ya mwenye nafasi, ambayo ataihitaji maisha yake yote, hatuitaji.

Mahali ambapo mwanafunzi wetu hujifunza kujieleza kwa dhati ni katika fomu ya basari. Tangu Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge ilipoanzishwa mwaka wa 2003, vijana wengi wamejaza fomu zinazouliza kama mwombaji ni yatima, ana ndugu wangapi, na anadaiwa karo kiasi gani, kisha chifu na mkuu wa shule hutia sahihi. Fomu hiyo ina kazi yake, wala siidharau, kwani bila hiyo wengi wangekaa nyumbani. Lakini imemfundisha mtoto kuwa mbele ya mwenye mamlaka kinachohesabiwa ni dhiki. Akifika mbele ya kampuni ya mawakili, iwe ya London au ya Nairobi, huizungumza lugha hiyo hiyo, maana ndiyo pekee aliyofundishwa.

Nao mawakili wetu wa nyumbani wana swali la kujibu. Mhitimu wa sheria nchini Kenya, baada ya shahada, hupitia Chuo cha Mafunzo ya Sheria na kufanya uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili. Nafasi hizo za uanagenzi aghalabu hupatikana kwa kujuana. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 27, inaitaka serikali ichukue hatua za kuwainua waliobaguliwa zamani. Kampuni za kibinafsi zaweza kusema kwamba hazikutajwa kwa jina, lakini taaluma inayoishi kwa kuitetea Katiba haifai kungoja kulazimishwa. Kampuni kubwa za Nairobi, Mombasa na Kisumu zinaweza kutangaza nafasi zao hadharani, zieleze kwa lugha nyepesi zinachokitafuta, zichapishe mfano wa jibu zuri, na zimlipe mwanagenzi kiasi cha kumwezesha kupanga chumba mjini. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji sheria mpya.

Tena zikumbuke kuwa Sheria ya Chuo cha Mafunzo ya Sheria ya mwaka wa 2012, ilipoweka masharti ya kujiunga, ilitaja alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Bunge lilitambua kuwa Kiswahili nacho ni kipimo cha akili inayofaa kwa sheria. Ni ajabu kwamba katika usaili wa kampuni nyingi lugha hiyo haipewi hata dakika moja, ilhali wateja wengi wa mahakama zetu za chini ndiyo wanayoijua.

Kwa mwalimu mwenzangu nina mapendekezo machache. Wape wanafunzi wako zoezi la kueleza tendo moja walilolifanya, kwa maneno 200, bila methali wala kivumishi cha kujisifu, na kila dai liwe na ushahidi wake. Wape fomu halisi ya nafasi ya masomo au ya kazi na myachambue maswali yake mmoja mmoja kama mnavyochambua shairi: swali hili linataka nini hasa? Wafanye wasomeane walichoandika, na msikilizaji aseme amejua nini kuhusu mwandishi ambacho hakukijua awali. Wafundishe kusimama na kulieleza jambo hilo kwa mdomo, kwa lafudhi yao wenyewe, bila kuiga ya mtu.

Kwako mwanafunzi, nakusihi uanze mapema. Weka daftari la mambo unayoyafanya: ulipomsaidia jirani kuandika barua ya malalamiko, ulipoongoza chama cha mijadala, ulipouza sambusa sokoni ukajua hesabu ya faida. Usidhani kuwa kazi za nyumbani si tajiriba kwa kuwa hazikufanyiwa afisini. Ukiiandikia kampuni, soma kwanza inashughulikia sheria za aina gani, useme ni jambo gani hasa katika kazi yake linalokuvuta. Usitunge uongo, kwani wakili ni mtu anayelipwa kuutambua uongo. Mwombe mtu mmoja asome kabla hujatuma. Ukikataliwa, uliza sababu kwa heshima, kisha tuma kwingine.

Tusisubiri wizara ituletee mtaala mpya ndipo tuyatende haya. Karatasi ya insha tunayo, vipindi tunavyo, na vijana wenye ya kusema wamekaa mbele yetu kila asubuhi. Wafunzwe kuyasema, ili watakapofika mbele ya meza ya mwenye nafasi wasiinamishe vichwa kama watu waliokuja kukopa.